Mistari Sita ya Mwihaki

Mimi huuza mboga pale stejini Satellite, na kama kuna kitu kinachonipandisha mori ni mteja anayegeuza kabeji mara tatu akitafuta tundu. Lakini ukweli ni kwamba hata mimi siyapendi matundu. Jani likiwa na tundu nalitoa na kulitupa kabla macho ya mtu hayajalifikia. Mkulima akiniletea kabeji iliyoliwa na wadudu, namrudishia pamoja na maneno ya kwenda nayo nyumbani. Nalisema hilo mapema kwa sababu habari hizi ni za Mwihaki, mjane wa Muigai, lakini aliyeziharibu ni mimi.

Mwihaki alikuwa na nusu eka kule bondeni, karibu na kijito. Ukisimama juu barabarani uliona ghorofa baada ya ghorofa, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani, halafu katikati yake kipande cha kijani. Kilikuwa cha mwisho upande ule. Wengine walishauza au walishajenga. Nilinunua kabeji zake kwa miaka tisa na sikuwahi kumpigia kelele hata mara moja. Zilikuwa nzito, zimefunga vizuri, na wateja walizirudia.

Shamba lenyewe lilikuwa la ukoo wa mumewe. Muigai alipofariki, ndugu yake Njuguna alisimama mbele ya watu siku ya ibada ya ukumbusho akasema, shemeji, shamba likiendelea kukulisha sitaligusa, lakini siku litakaposhindwa kukulisha tutajenga. Njuguna si mtu mbaya. Ni shemasi, na hakuna siku aliyopita kwake bila kumjulia hali. Lakini neno lake lilikuwa neno, na Mwihaki aliishi juu ya neno hilo.

Sasa nije kwenye kitabu. Muigai alipokuwa hai aliwahi kufanya kazi kwenye mradi mmoja wa utafiti wa wadudu. Mtaalamu wao, Ndambuki, Mkamba mmoja mrefu mwenye subira, alimwomba achague mimea thelathini ya kabeji shambani kwake, na kila Alhamisi asubuhi ageuze kila jani, ahesabu alichokiona na kukiandika kitabuni. Viwavi wangapi, vidukari wengi au wachache, na vile vijifuko vidogo vinavyonata chini ya jani vingapi. Mradi ulifungwa baada ya miaka miwili na Ndambuki akahamishwa. Muigai akaendelea kuhesabu. Alipozikwa, Alhamisi iliyofuata Mwihaki alishuka bondeni na nguo zake nyeusi, akainama kwenye mmea wa kwanza, akageuza jani.

Watu walimcheka kidogo, mimi nikiwa wa kwanza. Nilimwambia hakuna mwanamke mwingine Nairobi hii anayejua idadi ya wadudu wake. Alitabasamu tu. Niliamini kitabu kile ni njia yake ya kukaa na marehemu, kama wengine wanavyoacha koti la mume kwenye msumari wa mlango. Kwa hiyo sikuwahi kumuuliza kinasema nini, na kosa langu lilianzia hapo.

Kitabu kilikuwa kinasema mengi. Kilikuwa na miaka ndani yake, kumi na miwili. Januari jua likikaza, viwavi hupanda kutoka kumi hadi mia na zaidi. Aprili mvua kubwa huwaosha kwenye majani wakafa topeni, na kurasa za mwezi huo zimejaa tarakimu ndogo. Julai baridi huwalaza. Agosti vidukari hujazana kwenye majani ya katikati kama unga wa kijivu. Miaka ya karibuni mambo yalivurugika, mvua ikaja isipotarajiwa na viwavi wakapanda hata Oktoba. Lakini jambo moja halikubadilika. Kila viwavi walipopanda, wiki tatu baadaye vijifuko vya rangi ya kahawia vilipanda pia, na viwavi wakashuka.

Vijifuko vile ni vya nyigu. Usifikirie wale wa darini wanaouma. Hawa ni wembamba, mtu anaweza kuwafikiria ni mbu. Nyigu jike hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wake humla kiwavi kutoka ndani. Muigai na Mwihaki walikuwa na mistari sita ya kabeji kule chini karibu na kijito, ambayo haikupigwa dawa hata tone kwa miaka kumi na miwili. Mistari hiyo ilikuwa imeliwa, imechakaa, aibu tupu ukiitazama. Ilikuwa kitalu cha nyigu. Kutoka hapo walipanda na kulinda mistari mingine yote, ndiyo maana Mwihaki hakuhitaji dawa ila mara moja moja, na ndiyo maana kabeji zangu zilikuwa nzuri.

Hayo yote nayajua leo. Oktoba ile sikuyajua.

Oktoba ile mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, Mwihaki akateleza kwenye njia ya kushuka bondeni na kuvunjika nyonga. Alilazwa wiki sita. Binti yake, Nyakio, ameolewa Nakuru na ana watoto wadogo, kwa hiyo sisi akina mama wa kanisa ndio tuliokuwa jamaa yake. Mwenyekiti wetu, Waringa, alipanga zamu kama kawaida: wa kupeleka uji, wa kufua, wa kusafisha nyumba, na wa shamba. Shamba lilinijia mimi na wengine wawili.

Nilienda kumwona nikamweleza. Alikuwa amelala chali, mguu umefungwa, uso umepungua. Alinishukuru. Akaeleza wapi tupalilie na wapi mbegu zilipo. Kisha akanishika mkono.

"Mama Becky," akasema, "ile mistari sita ya chini muiache tu vile iko."

Nikamjibu, "Usijali, Mama Nyakio. Wewe pona."

Msomaji, nikuulize. Mgonjwa wa kwetu akikwambia usimfulie shuka, wewe unaacha shuka chafu? Mjane akikwambia msilete unga, nyumba imejaa, mnageuka na unga wenu? Sisi tumelelewa hivyo. Mtu mwenye heshima hukataa, na mtu mwenye upendo hutenda. Anayetii ndiye mchoyo. Mama yangu kule Vihiga alinichapa nikiwa mdogo kwa sababu bibi mmoja aliniambia nisimbebee kuni, nami nikamwachia mzigo wake. Kwa hiyo nilimsikia Mwihaki vizuri kabisa, neno kwa neno, nikaelewa kwamba anaona haya kutupa kazi ngumu zaidi.

Jumamosi tulipofika kwenye mistari ile nilishika mdomo. Majani yalikuwa wavu mtupu. Viwavi wa kijani walining'inia kwa nyuzi. Nilimwonea huruma mpaka machozi. Nikasema macho yamemwisha, maskini, anahesabu tu na haoni. Tena mchungaji alikuwa amepanga kuja kumwombea nyumbani siku ya kutoka hospitalini, na pale nyumbani ukisimama mlangoni unaiona mistari ile moja kwa moja. Nikaapa kwamba hataaibika nikiwa hai.

Jumatatu nikaiacha meza yangu kwa jirani, nikaenda mjini. Nilishuka River Road kwa miguu, nikisukumwa na wenye mikokoteni ya mabomba na mabati, mpaka kwenye duka moja la dawa za mimea. Sikutaka dawa ya kubembeleza. Nikamwambia muuzaji nipe inayomaliza. Akachukua chupa mbili, akaniambia nichanganye, akaongeza kwamba hiyo haiachi kitu. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilitembea kurudi stejini na mfuko wangu nikijiona mtu wa maana.

Nilipiga mara tatu, kila baada ya siku tano, na pampu ya kuazima mgongoni. Mara ya tatu niliona vitu vidogo vyembamba vimeanguka juu ya udongo kama majani ya chai. Nikafikiri ni mbu wa kijitoni. Nikamwambia Waringa tumeua hata mbu.

Mwihaki alirudi mwanzo wa Desemba kwa mikongojo. Mchungaji aliomba, tukaimba, tukanywa chai. Kabeji za chini zilikuwa zimeotesha majani mapya, masafi. Kila mtu alizisifia. Mwihaki alizitazama kutoka mlangoni, na mimi nikadhani amejawa na shukrani.

Alhamisi nilimsindikiza bondeni kwenye mistari ile, maana njia ilikuwa bado mbaya. Alikaa juu ya kreti, akawa analisogeza mmea kwa mmea. Aligeuza kila jani. Mimi nilisimama nyuma yake nikisubiri kusifiwa, kama mwanafunzi aliyefuta ubao. Mimea thelathini yote. Hakukuwa na kiwavi. Hakukuwa na kijifuko. Alirudi kwenye mmea wa kwanza akaanza upya, na sikuelewa kwa nini.

"Nani alipiga dawa?" akauliza.

"Ni mimi, mama. Mara tatu."

 Halafu akanyoosha mkono, nikaushika, ulikuwa baridi.

"Asante," akasema. "Mmejichosha sana."

Akachukua kalamu akaandika. Jumapili hiyo alisimama kanisani kwa mikongojo akatutaja kwa majina, akamshukuru Mungu kwa ajili yetu. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Nikikumbuka makofi yale nataka kuikata mikono.

Krismasi ilipita. Wiki ya kwanza ya Januari jua lilikaza, na nondo wanaotaga mayai ya viwavi wakaja. Nondo hawakosi pa kutoka, kila ploti ya hapa ina sukuma wiki mbili tatu kwenye magunia. Lakini nyigu hawakuwa na pa kutoka, maana kila mwenye sukuma wiki ana chupa yake ya dawa. Mwihaki alihesabu kumi na wanne. Wiki iliyofuata sitini na tatu. Iliyofuata mia mbili na kumi. Safari hii hawakukaa kwenye mistari sita, walipanda shamba lote. Nilimwambia ninunue dawa tena. Akasema nifanye nipendavyo, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikapiga. Viwavi wale wa mjini wamezoea dawa kuliko sisi tulivyozoea chai. Waliinua vichwa wakaendelea kula.

Hapo ndipo Ndambuki alipokuja. Amestaafu, ana mvi, anatembea polepole, lakini Mwihaki alikuwa amempigia simu na alifika siku ya pili. Alizunguka shamba na kioo chake cha kukuzia mkononi. Mwihaki alikuwa ndani akipika chai. Mimi nikamweleza mtaalamu yote, River Road, chupa mbili, mara tatu, bado nikidhani nitaambiwa nilikosea kipimo.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kuweka mwili wangu. Alinieleza habari za nyigu kama nilivyokueleza wewe, taratibu, akinionyesha kwenye kitabu jinsi tarakimu moja ilivyofuata nyingine kwa miaka kumi na miwili. Akaniambia kwamba mimi si wa kwanza kufanya hivyo, na kwamba muhimu ni Mwihaki kuandika sababu kwenye safu ya maelezo, kwa sababu sifuri isiyo na sababu huwafanya watu wasiamini hata tarakimu zilizo kweli. Nikamuuliza kama nyigu watarudi. Akatazama ghorofa zile pande zote, kisha akafunga kioo chake.

"Watoke wapi, mama?" akasema.

Sikukubali. Mimi sikubali kitu kwa urahisi. Nilimlazimisha aniambie nyigu bado wapo wapi, akasema huenda juu huko Limuru kwenye baridi, kwa mkulima asiyetumia dawa, kama yupo. Nilienda. Nilizunguka mashamba ya watu siku mbili na kiberiti kitupu mkononi, nikiomba ruhusa ya kutafuta wadudu kwenye kabeji zao. Mmoja aliniuliza kama nimetumwa na jirani yake kumroga. Nilipata vijifuko kumi na vinane, kwa mzee mmoja aliyekuwa hana nguvu ya kupulizia. Nilivibeba kifuani mwangu mpaka Satellite kama mtu aliyebeba dhahabu.

Tuliviweka kwenye chupa iliyofunikwa kitambaa, juu ya meza ya Mwihaki. Alivitazama kila asubuhi, na kwa siku chache uso wake ulirudi. Aliniambia Muigai angecheka sana kuniona mimi nikifuga wadudu. Kisha vikaanza kupasuka. Kumi na viwili vilitoa nondo, maana nilikuwa sijui kutofautisha vijifuko vya nondo na vya nyigu. Nilikuwa nimemletea adui nyumbani kwa mkono wangu. Vitatu havikutoa kitu. Vitatu vilitoa nyigu. Tulimpigia Ndambuki, akaja, akaweka kioo chake juu ya chupa, akakaa nacho sana.

Wote watatu walikuwa madume. Dume hatagi. Tukawaachilia dirishani, na sikuona walikoelekea.

Mwisho wa Februari shamba lilikuwa mifupa ya kabeji. Hata kwa ng'ombe haikufaa, kwa sababu ya dawa zangu. Nilikuwa nanunua kabeji za Kinangop sokoni Kangemi na kuzipanga mezani kwangu, na kila nikikata moja nilimfikiria. Njuguna alikuja Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa na haya, alivua kofia kabla hajafika mlangoni. Aliuliza kama kuna msimu mwingine anaotaka kujaribu, na nina hakika angempa. Nilimkazia Mwihaki macho nikimwomba aseme ndiyo. Mwihaki akamwambia shemeji, jengeni. Akasema anachoomba ni chumba cha chini, kwa sababu ya nyonga.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo kama mtoto.

Machi, kabla ya trekta kuja, Ndambuki aliomba vitabu vyote vya hesabu ile vishonwe pamoja na kutiwa jalada, ili viwekwe maktaba ambapo wanafunzi watavisoma. Mwihaki hakuweza kwenda mjini, akanipa mimi. Kwa hiyo nilirudi River Road, hatua chache tu kutoka kwenye duka lile la dawa, nikapanda ngazi hadi kwa fundi wa majalada. Aliniambia nisubiri saa moja. Nikakaa kwenye stuli, vitabu mapajani, nikavifungua kwa mara ya kwanza peke yangu.

Nilisoma safu ya maelezo. Muigai aliandika kwa herufi kubwa: mvua ya mawe. Ng'ombe wa jirani ameingia. Nimechelewa, nilikuwa na homa. Halafu mwandiko ukabadilika: Muigai amefariki Ijumaa, leo nimehesabu mimi, huenda nimekosea mmea wa tisa. Miaka yote ile hakukuwa na kitu kilichofichwa. Aliandika hata siku aliyogombana na binti yake akahesabu kwa hasira na kulazimika kurudia.

Nikafika Desemba. Viwavi sifuri. Vijifuko sifuri. Na kwenye maelezo, kwa mwandiko wake ulionyooka: sababu haijulikani.

Alikuwa ameandika mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Mwanamke ambaye aliandika hata ugomvi wake na binti yake hakuniandika mimi. Alikuwa amekilinda kitabu cha mumewe kwa miaka saba, akakitia uongo mmoja, na uongo huo aliutoa kwa ajili yangu. Sikujua kama nifurahi au nijitupe barabarani. Fundi aliniuliza kama naumwa.

Nikaazima kalamu kwake. Nikakata maneno yale kwa mstari mmoja, nikaandika chini yake: Dawa ilipigwa mara tatu Novemba. Aliyepiga ni Lornah, muuza mboga, mama yake Becky. Mwenye shamba alimwambia aiache mistari hii naye hakusikia. Nikaweka tarehe. Fundi akachukua vitabu akavishona.

Jioni hiyo nilimpelekea kitabu chake, kizito, kina jalada jekundu. Trekta ilikuwa imeshafika, imeegeshwa pale pale kwenye mistari sita. Alikaa kitandani, akakifungua kwenye ukurasa ule bila kutafuta, akasoma nilichoandika. Nilimwambia nimesema ukweli ili Ndambuki na wanafunzi wale wakiamini kitabu. Alipitisha kidole juu ya mstari niliokata.

"Hiyo pia ungeiacha tu vile iko, Mama Becky," akasema.

Akakifunga, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na sikuwa nimekula. Ni Aprili sasa, msingi umeshamwagwa zege, na kila nikimpitishia kabeji jioni anaipokea bila kugeuza jani. Mpaka leo sijui kama maneno yale aliyasema kwa adabu au aliyasema kwa kweli, na sina uso wa kumuuliza.